Uonevu Shuleni: Makatazo Tunayo, Tarehe Hatuna

Kenya haihitaji sheria nyingine ya kukataza uonevu katika shule za umma. Najua msimamo huu utawakera wengi tunaoshughulikia pamoja haki za watoto, maana kila inapovuja video ya mvulana akicharazwa mikanda bwenini, wao huanza upya kudai mswada. Makatazo yapo tele. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili wa kila aina. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinasema mwanafunzi asiteswe wala asitendewe kikatili au kwa kudhalilishwa, iwe kimwili au kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 imefika hadi kwenye simu, inautaja uonevu wa mitandaoni waziwazi. Mvulana wa Kidato cha Nne anayemlaza mdogo wake chini ya kitanda usiku kucha anazivunja zote kwa mpigo. Lakini shuleni anakosoma huyo mdogo, hakuna anayebanwa na sheria kuandika malalamiko yake kabla ya siku fulani, kumwarifu mzazi kabla ya saa fulani, au kujibu kwa nini hakufanya hivyo. Hapo ndipo watoto wanapotuponyoka.

Nianze na uonevu wenyewe, kwa sababu tunauchanganya na ugomvi. Mwanasaikolojia Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi yake kubwa huko Bergen, Norway, aliweka vigezo vitatu ambavyo watafiti wengi wanavitumia hadi leo: pana nia ya kuumiza, tendo linajirudia, na mtendaji ana nguvu ambayo mtendwa hana. Watoto wawili wa rika moja wakigombania mpira wakatupiana makonde, huo ni ugomvi. Mwalimu wa zamu aumalize, warudi kucheza. Nguvu zisipolingana, habari ni nyingine. Na nguvu haiishii kwenye misuli. Yaweza kuwa idadi, umri, pesa za matumizi, kabila la walio wengi shuleni, Kiingereza cha mtoto wa mjini mbele ya mwenzake wa kijijini, au beji ya kiranja. Norway ilishtuka mwishoni mwa 1982, wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi walipojiua, na Olweus akapata nafasi ya kujaribu mpango wake katika shule 42 za Bergen. Katika kazi zake kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko mengine yote: kadiri walimu walivyokuwa wengi uwanjani wakati wa mapumziko, ndivyo matukio yalivyokuwa machache. Uonevu hukua pale mtu mzima alipoondoka.

Sasa chukua bweni la shule ya upili ya umma. Masomo ya jioni yanaisha kama saa tatu na nusu usiku. Mwalimu wa zamu ana nyumba yake na watoto wake. Mlinzi yuko langoni. Kuanzia hapo hadi kengele ya alfajiri, wavulana mia moja na ushei wamo mikononi mwa wavulana wenzao, na kanuni inayotawala ni ile ya mwenye nguvu mpishe. Hapo ndipo mgeni, mono kwa lugha ya shule, anapofundishwa adabu. Anaambiwa aipulize balbu ya umeme mpaka izimike kama mshumaa. Anapewa kijiti cha kibiriti apime urefu wa bweni. Anaingizwa kabatini aimbe kama redio, na kila mkubwa akigonga mlango abadilishe stesheni. Hadithi hizi tukizisimulia arusini watu hushika mbavu, na kusema kweli nyingine zinachekesha. Ila ule mchezo ndio unaopima nani atatii. Anayepuliza balbu Jumatatu atafua soksi za mkubwa Jumatano, atatoa sukari na siagi yake Jumamosi, na wiki ya tatu akithubutu kukataa atapigwa. Mtoto wa kike naye ana yake: kutengwa mezani, kusambaziwa maneno, kunyimwa zamu ya bafu mpaka achelewe darasani aadhibiwe na mwalimu asiyejua lolote.

Ukiwauliza waliosoma bweni ni nani aliyewatesa zaidi, wengi watakutajia Kidato cha Pili kabla ya cha Nne. Wa Kidato cha Nne ana mtihani mbele yake. Wa Kidato cha Pili ametoka jana kuonewa, na anaona anadai. Deni lake hawezi kulidai juu, analidai chini. Kwa hiyo kila darasa jipya linalipa deni la darasa lililotangulia, na shule inaendesha mfumo wa mateso ambao hakuna mtu aliyeuamuru na hakuna anayejiona mkosaji. Muulize mvulana kwa nini anampiga mdogo wake, atakujibu kwa utulivu kabisa kwamba hata yeye alipigwa.

Chanzo cha pili ni sisi wenyewe, kwa jinsi tunavyogawa mamlaka. Mwaka 1999 wanafunzi wa Nyeri High waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku, wakamwaga petroli, wakawasha moto. Wote wanne walikufa. Hakuna linalohalalisha unyama ule. Lakini maswali mengi yaliyofuata yalihusu petroli ilipitaje langoni, na machache mno yalihusu mamlaka ambayo kiranja wa Kenya alikuwa amekabidhiwa, kinyume na akili, juu ya miili ya wenzake. Miaka miwili baadaye kanuni zilizoruhusu kiboko shuleni zilifutwa. Mwalimu akanyang'anywa fimbo. Kwa maoni yangu, katika shule nyingi ile fimbo haikuchomwa. Ilishuka ngazi moja tu, ikaenda kwa kiranja, ambaye Tume ya Huduma za Walimu haimwandiki kazi na haiwezi kumfuta. Mwaka 2009 likaanzishwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili ili viongozi wachaguliwe kwa kura, na sheria ya 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi. Hatua nzuri. Ila kura haipunguzi mamlaka, inabadilisha tu namna ya kuyapata. Rais wa baraza aliyechaguliwa akiruhusiwa kumpigisha mwenzake magoti kwenye kokoto, yale magoti hayatofautishi kura na uteuzi.

Mwaka 2017 habari za uonevu katika Shule ya Upili ya Alliance, pale Kikuyu, ziliwashtua watu kwa sababu ya jina la shule. Wizara ikapeleka wachunguzi, na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Wengi walidhani funzo limepatikana. Mimi naona tulijifunza lisilo sahihi, kwamba kichwa kimoja kikianguka jambo limekwisha. Walimu wakuu wengine nchini walisoma habari ile kwa makini na kuelewa hatari iko wapi: iko katika kujulikana.

Kazi yangu hunifikisha katika ofisi nyingi za shule, na huwa naomba vitabu kabla ya kuomba maelezo. Naibu mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwenye nidhamu mikononi, hunikaribisha vizuri. "Wakili, hapa kwetu uonevu hakuna," aliniambia mmoja. "Kuna utundu wa hapa na pale tu." Akatoa kitabu cha makosa, kile ambacho wanafunzi hukiita kitabu cheusi. Safu ya kwanza jina la mkosaji, ya pili kosa, ya tatu adhabu, ya nne sahihi. "Kupiga mwanafunzi. Kufyeka nyasi siku tatu." Mwanafunzi gani aliyepigwa? Hakuandikwa. Nikageuza kurasa. "Kuchukua mali ya mwenzake. Kuosha vyoo." Mwenzake yupi? Hakuna. Sasa tuseme ni mtoto mmoja huyohuyo: Machi ameibiwa blanketi, Mei amemwagiwa maji kitandani, Julai amevunjwa kidole, na kila mara mtendaji ni mwingine. Kitabu kitaonyesha watundu watatu walioadhibiwa ipasavyo. Mtoto mmoja anayesakamwa muhula baada ya muhula hataonekana popote, na naibu akiapa kwamba hana uonevu shuleni mwake atakuwa anasema anachokiona kitabuni. Rekodi iliyopangwa kwa mkosaji haiwezi kuonyesha uonevu, kwa sababu kigezo cha kujirudia hukaa upande wa anayeonewa.

Watani wetu wa Tanzania wana kioja chao kinachofanana na hiki. Kanuni zao za 2002 za adhabu ya viboko zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kiboko kina daftari lake kisheria. Mtoto anayenyang'anywa daftari la hesabu na kaka wa darasa la juu kila siku hana.

Usidhani basi kwamba walimu wakuu ni watu wabaya. Wengi ninaowajua wanawapenda watoto na wamechoka. Tatizo ni hesabu wanayowekewa. Mwalimu mkuu akiandika malalamiko, amejitengenezea ushahidi: mzazi atauliza, gazeti litauliza, mwaka ujao wazazi watachagua shule nyingine, na yeye anaweza kuhamishwa. Asipoandika, mara nyingi halimpati lolote. Funika kombe mwanaharamu apite. Halafu majukumu yenyewe yametawanyika. Mwalimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu. Nidhamu na majengo ni ya Bodi. Ukaguzi wa viwango ni wa Wizara. Mtoto akiumia ni wa Idara ya Huduma za Watoto, na akivunjika ni wa polisi. Mzazi aliyetoka Kitui na barua yake mkononi anazungushwa ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inamwambia ukweli inaposema hilo halikamiliki kwetu. Mwishowe anafanya lile ambalo wazazi wa Kenya wamezoea kufanya, anamhamisha mtoto. Aliyeonewa ndiye anayeondoka na godoro lake kichwani. Waliomwonea wanabaki wakimsubiri mwingine.

Kabla ya tiba, niyaondoe mawazo manne yanayotuzuia kufikiri.

La kwanza ni kwamba uonevu humkomaza mtoto. Mheshimiwa husimama kwenye sherehe za shule aliyosoma na kusema yeye alipigwa na leo ni daktari. Sina shaka alipigwa na sina shaka ni daktari. Lakini waliokatiza masomo muhula wa kwanza hawaalikwi kwenye sherehe za wahitimu, kwa hiyo ushahidi wake umechujwa kabla hajaupata. Isitoshe, mtoto mwenye udaktari ndani yake angeupata hata akilala usingizi wake.

La pili ni kiboko kirudi. Hili lina wafuasi wengi, hata katika Bunge. Ripoti ya UNESCO ya 2019 inaonyesha kwamba duniani karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia kuulizwa, na kwa Afrika kusini mwa Sahara ni asilimia 48.2, kiwango cha juu kuliko kanda nyingine zote. Fimbo ingekuwa dawa, kanda yetu ndiyo ingekuwa tulivu kupita zote, maana fimbo hapa haijawahi kuadimika, iwe imeruhusiwa au imekatazwa. Mtoto anayechapwa kwa kumchapa mwenzake anajifunza kwa makini ni nani mwenye haki ya kuchapa: aliye mkubwa.

La tatu ni wafukuzwe. Sheria ya 2013 haimpi mwalimu mkuu ruhusa ya kumfukuza mtoto apendavyo. Kifungu cha 35 kinataka njia nyingine zote za kumrekebisha ziwe zimekwisha, mtoto na mzazi wasikilizwe, kisha mtoto apelekwe katika taasisi ya urekebishaji inayofundisha. Wengi huona huo ni ulegevu. Mimi naona ni busara, kwa sababu adhabu ikiwa moja tu na ni kubwa mno, mashahidi hunyamaza. Mwanafunzi hatamtaja jirani yake wa kitanda ikiwa anajua matokeo ni kuharibiwa maisha, na mwalimu naye hataliandika. Mwito wa polisi una kasoro hiyohiyo. Penye mfupa uliovunjika au unajisi polisi waitwe siku hiyohiyo, bila mjadala. Lakini uonevu mwingi huanza chini ya hapo, na ndipo unapozuilika. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, kwa hiyo katika shule za msingi mara nyingi hata ukitaka kesi huna mshtakiwa.

La nne ndilo ninalolichukia zaidi, pengine kwa kuwa linafanywa na watu wema. Ni upatanisho. Mwalimu wa ushauri nasaha anawaita wote wawili ofisini, anawaketisha kwenye benchi moja, anawaomba waelezane, wasameheane, wapeane mikono, na anafunga mlango akiwa na furaha. Upatanisho unafaa kwa ugomvi, ambapo kila mmoja ana sehemu yake ya kosa na kila mmoja anaweza kusema hapana. Aliyeonewa hawezi. Amelazimishwa kutaja malalamiko yake mbele ya mtu atakayelala naye bweni moja usiku huo, na akaambiwa kosa ni lao wote. Nimemwona mtoto akitoka katika kikao cha aina hiyo: alimshukuru mwalimu kwa heshima zote, akaenda moja kwa moja kwa mlinzi kuomba simu ampigie mama yake.

Wenzetu walioendelea katika hili hawakufanikiwa kwa kukataza kwa sauti ya juu zaidi. New Jersey, Marekani, ilitia saini sheria yake Januari 2011, miezi michache baada ya mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo hilo kujiua. Ukiisoma, utashangaa jinsi ilivyo ya kiofisi. Mfanyakazi wa shule anayeshuhudia au kuarifiwa kuhusu uonevu amwambie mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na aandike katika siku mbili za masomo. Uchunguzi uanze ndani ya siku moja ya masomo na umalizike ndani ya siku kumi. Kila shule iwe na mtu mmoja mwenye kazi hiyo kwa jina, na kila wilaya mratibu wake. Norway nayo, tangu Agosti 2017, imeweka wajibu wa hatua: mfanyakazi afuatilie, aingilie kati, aarifu, shule ichunguze na iweke mpango wa maandishi. Mtoto akisema hajisikii salama, shule haina ruhusa ya kubishana naye kama anastahili kujisikia hivyo. Wiki moja ikipita tangu mwalimu mkuu aarifiwe na mambo hayajakaa sawa, mtoto au mzazi anaweza kupeleka suala kwa ofisi ya gavana wa jimbo, na ofisi hiyo inaweza kuiamuru shule la kufanya. Anayeonewa na mwalimu ana ulinzi mkali zaidi, kwani hapo mmiliki wa shule lazima aarifiwe.

Je, mambo haya yanasaidia? Mwaka 2015 Mark Hatzenbuehler na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 60,000 wa sekondari katika majimbo 25 ya Marekani. Sheria ya jimbo ilipokuwa na walau kipengele kimoja kati ya vile vilivyopendekezwa na Wizara ya Elimu ya huko, uwezekano wa mwanafunzi kusema ameonewa ulikuwa chini kwa asilimia 24. Vipengele vilivyojitokeza zaidi havikuwa vile vya adhabu. Vilikuwa vya kueleza sheria inafika wapi, tabia zipi zimekatazwa, na kuzilazimisha wilaya kuwa na sera. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba sheria ndiyo iliyoleta tofauti, lakini unatosha kutuondoa katika uvivu wa kudhani sheria zote ni sawa. Na Japani, iliyopitisha sheria yake mwaka 2013, inatufunza jingine: shule zake ziliripoti matukio zaidi ya 730,000 katika mwaka wa masomo wa 2023. Kwa masikio ya Kenya hiyo ni aibu ya taifa. Wizara ya huko imekuwa ikizihimiza shule zitambue hata yale madogo, na shule isiyoripoti kitu ndiyo inayotiliwa shaka. Sisi tunamzawadia mwalimu mkuu mwenye sifuri.

Njia hizi zina gharama, na tusidanganyane. Huko New Jersey walimu walilalamika kwamba wanajaza fomu kwa kila neno baya lililosemwa uwanjani, na mwanzoni mwa 2012 baraza la jimbo hilo linalopima mizigo inayobebeshwa serikali za mitaa likaamua kwamba sheria ile imeagiza kazi bila kutoa fedha. Ilibidi itengwe dola milioni moja na sheria irekebishwe. Kwetu mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi kama wenzake wote na ofisi yake mara nyingi ni stoo ya vitabu. Ukimwongezea daftari bila kumpunguzia vipindi, utapata daftari lililojazwa siku moja kabla ya ukaguzi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kanuni fupi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi, zenye tarehe. Kila shule ya umma iwe na daftari la malalamiko lililopangwa kwa jina la aliyeonewa, na lisikae kwa naibu anayesimamia adhabu, likae kwa mwalimu wa ushauri nasaha aliyepunguziwa vipindi. Mzazi wa kila upande aarifiwe siku hiyohiyo. Maelezo yaandikwe katika siku mbili, uchunguzi uishe katika siku kumi za masomo, na nakala bila majina ifike kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti kila muhula. Siku saba zikipita kimya, mzazi aende moja kwa moja kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, ambaye awe na mamlaka ya kuiagiza shule na ajibu kwa maandishi. Anayehamishwa bweni awe mtuhumiwa, kamwe asiwe mlalamishi. Kulipiza kisasi kwa aliyesema kuwe kosa linalojitegemea. Kutoandika ndilo liwe kosa la kinidhamu la mwalimu mbele ya Tume, na mwalimu mkuu mwenye malalamiko mengi yaliyoshughulikiwa kwa wakati asihesabiwe kuwa ameshindwa.

Kuhusu viranja ningependa lugha isiyo na mlango wa nyuma: mwanafunzi hatampa mwanafunzi mwenzake adhabu yoyote, iwe ya magoti, ya kufyeka au ya kukosa chakula. Kiranja apige kengele, asome matangazo, aripoti. Na zile saa kati ya masomo ya jioni na usingizi ziwe na mtu mzima ndani ya bweni, anayelipwa kwa kazi hiyo. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na baada ya kila moto wakaguzi huja na tepu kupima. Sijawahi kumsikia mkaguzi akiuliza ni nani anayepita katika nafasi hiyo saa tano usiku. Shule za kutwa nazo zisisahauliwe. Huko pa kuangaliwa ni vyooni, kwenye foleni ya uji na njia ya kurudi nyumbani, na mwalimu wa zamu anaweza kupaona bila bajeti mpya.

Wakati wa kufanya hivi tumepewa na bahati ya kalenda. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023. Waliotoka hapo waliingia Kidato cha Kwanza 2024, wakiwa wa mwisho kuitwa jina hilo. Mwaka 2025, kwa sababu ya mtaala mpya, shule zetu za upili hazikupokea darasa jipya, kwa hiyo darasa ambalo kwa desturi lingelipiza halikuwa na wa kumlipizia. Januari 2026 wakaja wa Gredi ya 10, darasa la kwanza la upili katika mtaala huo, na juu yao wamekuta Kidato cha Tatu na cha Nne pekee. Mnyororo ambao hatukuwahi kuweza kuukata umekatwa na mabadiliko ya mtaala, bila mtu kukusudia. Lakini hao wa Kidato cha Tatu ndio mono wa 2024, na deni lao hawajamdai mtu. Mwisho wa 2027 watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza upili, na kuondoka, na shule zitabaki na wanafunzi wa mtaala mpya peke yao. Watakachokuwa wamefundishwa bwenini kufikia hapo ndicho watakachowafundisha wadogo zao.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinampa Waziri wa Elimu mamlaka ya kutunga kanuni. Hahitaji mswada wala maonyo mengine mbele ya kamera. Aziandike sasa, azitengee fedha, na azichapishe kwenye Gazeti Rasmi kabla Gredi ya 10 inayofuata haijafungasha masanduku. Nawe mzazi, siku ya kuwatembelea watoto, ukimaliza kumpa mwanao chapati na kuku, pita ofisini uombe kuonyeshwa malalamiko ya wanafunzi huandikwa wapi. Ukiletewa kitabu cheusi, uliza kingine kiko wapi, na usiondoke bila jibu.